Jinsi ya kukadiria nguvu ya jua kwa data za kituo cha hali ya hewa kabla hujanunua sola: mwongozo kamili

Watu wengi wakitaka kufunga sola wanaanzia kwenye paneli, ngapi, wati ngapi, bei gani, wakati swali la kwanza kabisa ni jua lenyewe, yaani pale kwako kwa siku moja jua linashusha uniti ngapi kwenye kila mita moja ya mraba. Ukimuuliza fundi anakwambia huku kwetu piga masaa 5, anazidisha hapo hapo anakupa bei. Hiyo 5 inaweza ikakaa vizuri Dodoma alafu ikakulaza giza Nairobi mwezi wa saba, na kuijua mapema sio kazi ngumu hata kidogo, manake data zipo, vituo vya hali ya hewa vimekuwa vinaandika masaa ya jua na joto kila siku kwa miaka na miaka, na hesabu yenyewe inafanyika kwenye Excel ya kawaida kwa mchana mmoja.

Nitatumia Dodoma kama mfano mwanzo mwisho, alafu nitaiweka Nairobi pembeni yake ili uone tofauti. Namba za masaa ya jua na joto kwenye mifano ni za kufundishia tu, wewe utaweka za kituo chako.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini

Tunatafuta kilowati-saa kwa mita ya mraba kwa siku, kWh/m². Kilowati-saa moja ndo ile ile uniti moja unayonunua kwenye luku. Watu wa hali ya hewa wao wanapenda kuandika megajuli, MJ/m², kwa iyo ukikuta 20 usishtuke, gawa kwa 3.6 utapata 5.6 hivi kwa kilowati-saa. Kumbuka hiyo 3.6, utaitumia kila mara.

Sasa hapa kuna kitu kinachanganya watu wengi sana na naomba ukisome taratibu. Kuna masaa ya jua kuwaka, hayo ndo kituo kinaandika, kwamba leo jua limetoka bila kuzibwa na mawingu kwa masaa 9.2. Alafu kuna masaa ya jua kamili, ambayo ni hesabu ya watu wa sola: paneli inapimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba, kwa iyo ukipata 5.6 kWh/m² kwa siku wanasema una masaa 5.6 ya jua kamili, kana kwamba jua limewaka kwa nguvu yote kwa masaa 5.6 alafu likazima. Hivi ni vitu viwili tofauti. Jua la saa moja asubuhi nalo linahesabika kwenye yale masaa 9.2 ila nguvu yake ni ndogo sana. Mtu akichukua 9.2 ya kituo akazidisha na wati za paneli moja kwa moja, anapata umeme ambao hautakuja kutokea kamwe, na mfumo unafungwa mdogo mno. Kazi yote ya mwongozo huu ni kutoka kwenye ile 9.2 kwenda kwenye ile 5.6 kwa njia inayoeleweka.

Hatua ya 1: Pata data

Tanzania unaenda TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, Kenya ni KMD, idara yao ya hali ya hewa, nchi nyingine nazo zina idara zao. Unaandika barua au barua pepe, unataja kituo, unataja miaka, unasema ni za nini, na unauliza gharama mapema kabla hujapanga bajeti. Omba vitu vitatu: masaa ya jua ya kila siku, joto la juu la kila siku, na joto la chini la kila siku. Kama wana mnururisho wa jua, yaani ile nguvu ya jua inayofika chini, uliopimwa moja kwa moja, omba pia, ila usikate tamaa ukiambiwa hakuna, vituo vingi havina au vina miaka michache yenye mapengo.

Sisitiza data za kila siku. Wastani wa mwezi ni mwepesi kuupata, ila unaficha zile siku nne au tano za mawingu mfululizo ambazo ndo zinaua betri, na huko mbele tutazihitaji. Miaka mitano ndo kianzio cha maana, kumi ni nzuri zaidi.

Chagua kituo kwa akili, usichague kwa kilomita peke yake. Mtu wa Lushoto akichukua data za kituo cha chini huko Mombo kwa sababu kwenye ramani ni karibu, anajidanganya, juu Usambara kuna mawingu na ukungu, chini kukavu. Kilimanjaro hivo hivo, Moshi mjini sio Marangu. Bora kituo cha mbali kidogo chenye mwinuko na mvua zinazofanana na kwako kuliko cha jirani kilichoko upande mwingine wa mlima.

Kuna pia vituo vya otomatiki siku hizi, kwa mfano mtandao wa TAHMO wameweka vituo nchi kadhaa za Afrika, vingi viko kwenye mashule, na vyenyewe vinapima mnururisho. Kama kipo karibu yako uliza.

Hatua ya 2: Jua hizo namba zilipatikana vipi

Hii watu wanairuka, mimi naona ndo inayotofautisha kadirio zuri na la kubahatisha.

Masaa ya jua kwa vituo vingi vya zamani yanapimwa na kifaa cha Campbell-Stokes, ile tufe ya kioo kama ya sentimita 10 iliyokaa juu ya nguzo. John Francis Campbell alianza na wazo hilo 1853, George Gabriel Stokes akaliboresha 1879, na mpaka leo linafanya kazi vile vile: kioo kinakusanya jua sehemu moja, kinaunguza kadi nyuma yake, jioni mtu anatoa kadi anapima urefu wa mstari uliounguzwa. Hakina betri, hakina waya, ndo maana kumbukumbu zake ni ndefu. Ila kina tabia zake. Siku ya mawingu ya kupita pita, jua linatoka dakika mbili linaingia, alama ya moto inatanuka kwenye kadi na mstari unaonekana mrefu kuliko ukweli, kwa iyo siku hizo masaa yanazidi kidogo. Asubuhi jua likiwa chini au kuna umande kwenye kioo, kadi haiungui ingawa jua limetoka, hapo yanapungua. Alafu kuna jicho la anayesoma kadi, mmoja anahesabu kila kialama, mwingine hahesabu.

Vifaa vipya vya kielektroniki vinahesabu jua limewaka pale mwanga wa moja kwa moja unapovuka wati 120 kwa mita ya mraba, hicho ndo kiwango cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kama kituo chako kilibadilisha kifaa katikati, mfano mpaka mwaka fulani kilikuwa cha kioo baadae cha kielektroniki, usichanganye vipindi viwili bila kuangalia kama wastani umeruka ghafla. Uliza tu, watu wa vituo wanajua historia ya vifaa vyao na wanafurahi mtu akiuliza.

Hatua ya 3: Safisha kabla hujahesabu

Fungua faili, panga kila siku mstari wake, alafu angalia haya.

Sifuri na pengo ni vitu viwili. Sifuri maana yake jua halikutoka siku nzima. Pengo maana yake hakuna aliyepima. Kwenye mafaili mengi pengo linaandikwa -99 au 9999 au herufi M, na kuna waliojaza mapengo kwa sifuri, hao ndo wabaya. Ukiona sifuri kumi mfululizo Dodoma mwezi wa nane, hiyo sio mawingu, ni kadi ziliisha au kifaa kimeharibika. Futa, acha wazi.

Masaa ya jua hayawezi kuzidi urefu wa mchana. Tutahesabu urefu wa mchana hatua inayofuata, ukikuta siku yenye jua masaa 13 na mchana ni 11.7, kuna mtu kakosea kuandika.

Joto la chini likizidi la juu, safu zimebadilishana au kuna kosa la kuandika.

Alafu tarehe. Kadi ya jana inaweza kuandikwa kwenye kitabu leo asubuhi, saa tatu ya kwetu ambayo ni 06 kwa saa za UTC (saa za kimataifa, masaa matatu nyuma ya kwetu), kwa iyo vituo vingine tarehe inasogea siku moja. Kwa wastani wa mwezi haisumbui ila kama unalinganisha siku kwa siku na chanzo kingine itakuharibia kabisa. Linganisha siku za mvua kubwa: kama jua linapungua siku moja baada ya mvua kila mara, basi tarehe imesogea.

Kwa vituo vya otomatiki angalia saa. Kilele cha mwanga Dodoma kinatakiwa kije kama saa sita na nusu mchana, yaani 12:30 hivi kwa saa za Afrika Mashariki. Ukikiona kwenye 9:30 faili liko kwa UTC, ongeza masaa matatu. Na ukikiona kwenye 6:30, huyo aliyeandika kwa mkono ameandika saa kwa Kiswahili, hili linatokea kwenye rekodi za mashuleni na mashambani, lirekebishe tu usitupe data.

Hatua ya 4: Hesabu jua la juu ya anga

Kabla mawingu na vumbi havijagusa kitu, kuna kiasi cha jua kinachofika juu ya anga mahali ulipo, tukiite Ra. Hiki hakipimwi, kinahesabika kutokana na tarehe na latitudo yako tu. Fomula ninazotumia ni za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ile karatasi namba 56 ya 1998 ya maji ya mazao, watu wa umwagiliaji wanaijua vizuri na kwa sola inafaa sana.

Kwenye Excel weka latitudo kwenye kisanduku P1. Kusini mwa ikweta ni hasi. Dodoma ni 6.17 kusini kwa iyo andika:

=RADIANS(-6.17)

Safu A tarehe, safu C masaa ya jua, D joto la juu, E joto la chini. Alafu kwenye mstari wa pili:

B2, namba ya siku kwenye mwaka: =A2-DATE(YEAR(A2),1,0)

F2, umbali wa dunia na jua: =1+0.033*COS(2*PI()*B2/365)

G2, jua limeinamia wapi, kaskazini au kusini: =0.409*SIN(2*PI()*B2/365-1.39)

H2, pembe ya kuzama jua: =ACOS(-TAN($P$1)*TAN(G2))

I2, Ra yenyewe kwa megajuli: =37.586*F2*(H2*SIN($P$1)*SIN(G2)+COS($P$1)*COS(G2)*SIN(H2))

J2, urefu wa mchana kwa masaa: =24/PI()*H2

Buruta chini mpaka mwisho wa data. Ili ujue hujakosea, jaribu tarehe 15 mwezi wa 7, siku ya 196. Dodoma unatakiwa upate Ra ya 31.4 na mchana wa masaa 11.7. Tarehe 15 mwezi wa 1 upate Ra ya 38.3 au 38.4 na mchana 12.3. Ukipata kitu cha ajabu, mara nyingi umesahau alama ya hasi kwenye latitudo au hujaigeuza kuwa radiani.

Hatua ya 5: Kutoka masaa ya jua kwenda kwenye nguvu ya jua

Hapa ndo moyo wa kazi. Anders Ångström wa Sweden mwaka 1924 alionyesha kwamba ukijua sehemu gani ya mchana jua liliwaka, unaweza kukadiria nguvu iliyofika chini. Prescott mwaka 1940 akaiweka kwa namna tunayoitumia mpaka leo, akitumia ile Ra. Kwa maneno: chukua masaa ya jua, gawa kwa urefu wa mchana, zidisha kwa 0.50, jumlisha 0.25, alafu zidisha na Ra.

K2: =IF(C2="","",(0.25+0.5*C2/J2)*I2)

L2, kwa kilowati-saa: =IF(K2="","",K2/3.6)

Zile 0.25 na 0.50 zina maana, sio uchawi. 0.25 ni kile kinachofika hata siku ambayo jua halikuonekana kabisa, mwanga wa mawingu, robo ya Ra. Zote mbili ukijumlisha unapata 0.75, ndo kinachofika siku safi isiyo na wingu, robo tatu, hiyo nyingine inaliwa na hewa, mvuke na vumbi. Ni namba za FAO za kutumia pale ambapo huna za kwako.

Tufanye Dodoma, 15 mwezi wa saba, tuseme jua limewaka masaa 9.2. 9.2 gawa kwa 11.7 ni kama 0.79. Nusu yake 0.394, jumlisha 0.25 unapata 0.644. Zidisha na 31.44 unapata 20.2 MJ, gawa kwa 3.6, ni 5.6 kWh/m².

Sasa angalia mwezi wa kwanza, msimu wa mvua Dodoma, tuseme jua limeshuka mpaka masaa 6.5. Mtu wa haraka atasema nguvu imeanguka karibu theluthi. Hesabu: 6.5 kwa 12.32 ni 0.528, nusu 0.264, na 0.25 ni 0.514, mara 38.35 ni 19.7 MJ, ni 5.5 kWh. Masaa yamepungua karibu matatu ila nguvu imeshuka kidogo sana, kwa sababu mwezi wa kwanza jua lenyewe liko karibu na utosi wa Dodoma na dunia iko karibu zaidi na jua, Ra ni kubwa. Ndo maana masaa ya jua peke yake hayakwambii kitu.

Alafu Nairobi, mwezi ule ule wa saba. Latitudo 1.3 kusini, Ra inatoka 33.4, yaani kubwa kuliko ya Dodoma. Lakini mwezi wa saba Nairobi ni ule wa baridi na wingu zito la asubuhi mpaka mchana, tuweke jua masaa 4.3. 4.3 kwa 11.93 ni 0.36, nusu 0.18, na 0.25 ni 0.43, mara 33.37 ni 14.4 MJ, ni 4.0 kWh. Dodoma 5.6, Nairobi 4.0, mwezi mmoja, majirani. Huyo fundi wa piga 5 kote anamkosea mmoja wao gharama na mwingine umeme.

Hatua ya 6: Kama huna masaa ya jua, tumia joto

Vituo vingi vidogo vina kipima joto tu. Hapo kuna njia ya Hargreaves na Samani ya 1982. Wazo lake ni rahisi na mkulima yeyote analijua: siku ya anga wazi mchana ni moto na usiku unapoa sana, siku ya mawingu mchana haupandi na usiku haushuki manake mawingu yanafunika kama blanketi. Kwa iyo tofauti ya joto la juu na la chini inakwambia habari za mawingu.

=0.16*SQRT(D2-E2)*I2

0.16 ni ya bara. Pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, tumia 0.19, kwa sababu bahari inazuia joto lisipande wala kushuka sana hata siku ya jua kali, ukitumia 0.16 pale utapata namba ndogo bila sababu.

Dodoma mwezi wa saba, juu 27, chini 14, tofauti 13, kipeuo chake 3.61, mara 0.16 mara 31.44 ni 18.1 MJ, 5.0 kWh. Njia ya masaa ya jua ilitupa 5.6. Imepungua kama sehemu moja ya kumi. Nairobi, juu 22, chini 12, utapata 16.9 MJ, 4.7 kWh, wakati masaa ya jua yalisema 4.0. Unaona, mara inapunguza mara inazidisha, na kibaya zaidi Nairobi imezidisha mwezi ambao ndo mbaya. Upepo, mwinuko, unyevu, vyote vinaingilia. Mimi joto natumia kwa vitu viwili tu: kujaza siku chache zilizokosa masaa ya jua, na sehemu ambazo hakuna kitu kingine kabisa, na hapo naangalia wastani wa mwezi, sio siku moja moja.

Kama una masaa ya jua kwa baadhi ya miaka na joto kwa miaka yote, hesabu njia zote mbili kwa ile miaka inayopishana, gawa wastani wa kwanza kwa wa pili mwezi kwa mwezi, utapata kizidisho cha kila mwezi. Dodoma kwenye mfano wetu mwezi wa saba ni 20.2 gawa kwa 18.1, kama 1.12. Zidisha makadirio ya joto ya miaka mingine kwa hicho.

Hatua ya 7: Kama kituo kinapima mnururisho wenyewe

Hapa una bahati. Kifaa kinaitwa piranomita na kinaandika wati kwa mita ya mraba kila dakika 10 au 15. Chukua wastani wa masaa 24 yote, usiku ukiwemo, zidisha kwa 24, gawa kwa 1000. Wastani wa 234 unakupa 5.6 kWh. Ukichukua wastani wa mchana peke yake alafu ukazidisha kwa 24 utapata karibu mara mbili, kuwa makini na faili ambalo usiku umeachwa wazi badala ya sifuri. Vinamba hasi vidogo vya usiku ni kawaida ya kifaa, vifanye sifuri.

Vituo vidogo vya nyumbani vya wifi vingine havipimi wati, vinapima laksi, kipimo cha mwangaza wa macho. Gawa laksi kwa 120 upate wati kwa makadirio. Inasaidia kuona siku nzuri na mbaya, ila usiitegemee kwa mradi wa hela nyingi.

Angalia kifaa kimechoka au kichafu. Hesabu jua la siku safi: =(0.75+0.00002*1120)*I2, hiyo 1120 ni mwinuko wa Dodoma kwa mita, weka wako. Mwezi wa saba inatoka 24.3 MJ. Siku safi kabisa zinatakiwa zikaribie hapo. Zikiwa zinazidi sana, kifaa au tarehe ina shida. Zikiwa zinashuka mwaka hadi mwaka, kioo kina vumbi, au mti umekua pembeni, au kifaa kimekaa muda mrefu bila kupimwa upya. Nimeona kipima jua kimewekwa chini ya kivuli cha tangi la maji na kila mchana kuanzia saa tisa grafu inakatika kama imepigwa panga, mwenye kituo anadhani ni mawingu. Chora grafu ya siku tatu nne safi, pengo likija saa ile ile kila siku ni kivuli.

Na ukiwa na piranomita pamoja na masaa ya jua hata kwa mwaka mmoja, tengeneza namba zako badala ya 0.25 na 0.50. Safu moja weka masaa ya jua gawa kwa mchana, nyingine mnururisho uliopimwa gawa kwa Ra, alafu tumia SLOPE kupata ile ya kuzidisha na INTERCEPT kupata ile ya kujumlisha. Ukijumlisha hizo mbili ziwe jirani na 0.75, sehemu za juu zinaweza kupanda kidogo. Ukipata 0.95 rudi kwenye usafi wa data. Baada ya hapo miaka yako yote ya zamani yenye masaa ya jua tu inageuka kuwa miaka ya mnururisho, na hii ndo zawadi kubwa ya kile kioo cha Campbell.

Hatua ya 8: Linganisha na satelaiti

NASA POWER wanatoa bure makadirio ya kila siku kwa sehemu yoyote duniani, jua lao linaanzia 1984. Kuna PVGIS ya Tume ya Ulaya na Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia, zote bure. Kwa nini basi tuhangaike na kituo? Kwa sababu satelaiti inaona mawingu kutoka juu na kisanduku cha NASA ni kikubwa, kama kilomita 110 kila upande, ndani yake kuna mlima na bonde na ziwa vimechanganywa pamoja. Pwani kisanduku kimoja kinachukua nchi kavu na bahari.

Weka wastani wa miezi 12 wa kituo pembeni ya wa satelaiti. Vikipishana chini ya asilimia 10 na umbo la mwaka ni lile lile, mbaya ni mbaya kote, tulia. Vikipishana zaidi miezi michache tu, tafuta sababu ya mahali, ukungu, moshi wa kuchoma mashamba, mlima. Vikipishana mwaka mzima upande mmoja, kituo kina kasoro au uko kwenye kisanduku kisichofanana na wewe. Hapo mimi nachagua namba ya chini kama mfumo ni wa kutegemewa, kama zahanati au friji la chanjo.

Hatua ya 9: Ingiza kwenye sola

Tengeneza wastani wa kila mwezi, chukua mwezi wa chini kabisa, huo ndo wa kupimia. Ukipima kwa wastani wa mwaka una uhakika wa kukosa umeme miezi kadhaa kila mwaka.

Tuseme matumizi ni uniti 2.4 kwa siku, yaani 2400 wati-saa. Sio kila kinachoingia kwenye paneli kinafika kwenye taa: joto la paneli linakula, karibu asilimia 0.3 mpaka 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na paneli kwenye bati mchana inafika 60 bila shida, vumbi, waya, kontrola (ile inayosimamia kuchaji betri), betri, inverta (ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani). Kwa mfumo wa betri tumia 0.7.

Nairobi: 2400 gawa kwa 4.0 gawa kwa 0.7, ni kama wati 860. Dodoma, kwa mfano wetu wa miezi miwili, mdogo ni 5.5, inatoka kama wati 625. Matumizi yale yale, tofauti ya wati 235.

Hizi namba ni za paneli iliyolala. Kwetu karibu na ikweta mlalo hauleti tofauti kubwa kwa mwaka, ila inua angalau digrii 10 ili mvua ioshe vumbi, na kusini mwa ikweta elekeza kaskazini, itakusaidia kidogo mwezi wa sita na wa saba jua likiwa upande huo.

Betri sasa, hapa ndo data za kila siku zinalipa. Kwenye safu L tafuta siku zilizo chini ya 3 kWh, alafu angalia zimefuatana ngapi kwa kipindi kirefu zaidi kila mwaka. Kama miaka mingi inakuonyesha siku mbili mfululizo na mara moja moja tatu, panga betri ya siku mbili na ujue kwamba mara chache utapunguza matumizi. Uniti 2.4 mara mbili ni 4.8, kwa lithiamu unayoitumia mpaka asilimia 80 ni 6.0 kWh, kwa betri za asidi za kutumia nusu ni 9.6 kWh. Siku hizo chini ya 3 sio sifuri, paneli bado zinaleta kitu, kwa iyo hapo umejiachia nafasi kidogo na ni vizuri.

Ukishafunga, kontrola nyingi zinaandika uniti za kila siku. Betri ikijaa mapema kontrola inapunguza, kwa iyo chukua siku ambazo haikujaa, gawa uniti kwa kilowati za paneli zako, gawa tena kwa 0.7, utapata masaa ya jua kamili ya paa lako mwenyewe. Ila ujue hiyo 0.7 ina hasara za betri na inverta ndani yake, kama unasoma uniti pale zinapotoka kwenye paneli kabla hazijaingia betri, tumia 0.8 badala yake. Weka pembeni ya safu L ya kituo, mwezi kwa mwezi, na kama paa lako liko chini ya kituo kila mwezi kwa kiasi kile kile, panda juu uangalie kivuli na vumbi kwanza kabla hujaongeza paneli.